Arsenal inaondoa jina la Rwanda, Kinshasa imeshona la kwake Barcelona

KASONGO – Jezi nyekundu yenye mikono myeupe haina mwenyewe hapa Kasongo. Inavaliwa na vijana wa moto wanaongoja abiria, na wauza mchele sokoni, na watoto wa familia zilizokimbia upande wa Salamabila ambao walipata nguo waliyopewa na hawakuchagua rangi. Nyingi zimefika ndani ya mitumba. Nyingine si za kweli, zimeshonwa mbali na kuuzwa bei rahisi. Lakini karibu zote zina maneno yale yale kwenye mkono wa kushoto: Visit Rwanda, yaani tembelea Rwanda.

Tangu Goma ilipoanguka tarehe 27 Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari, maneno hayo mawili yamekuwa ugomvi. Kwenye nyumba za video, kabla jenereta haijawashwa, kuna kijana atakayemwambia mwenzake: "Ndugu, vua hiyo kitu, ni ya adui." Mwenzake atajibu: "Nikivua, wewe utanipa nyingine?" Wazee wanacheka, mechi inaanza, na watu wanasahau. Kesho yake ugomvi unarudi.

Sasa Arsenal yenyewe imesema basi. Novemba 2025, klabu hiyo ya London na ofisi ya maendeleo ya Rwanda walitangaza kwamba mkataba wao hautaendelea baada ya msimu huu, yaani utakwisha Juni 2026. Wakongomani wengi wamesherehekea kana kwamba timu ya taifa imeshinda. Sherehe hiyo imekuja mapema, na inaficha jambo ambalo familia za Kabambare zinapaswa kulisikia wazi. Serikali iliyopiga kelele juu ya mkono wa jezi ya Arsenal imekwenda kununua nafasi kama hiyo kwa Barcelona, kwa bei karibu ile ile, na kwa pesa za wananchi ambao barabara yao ya kwenda Kabambare ni matope.

Miaka kumi ya klabu moja

Ili jambo lieleweke, ni lazima kukumbuka jinsi Arsenal ilivyofika hapo. Mashabiki wa Kasongo wanaijua hadithi hii kuliko wanavyojua majina ya wabunge wao.

Mwaka 2015 Arsenal ilikuwa timu ya Arsène Wenger, Mfaransa aliyeiongoza tangu 1996. Mwaka huo ilichukua Kombe la FA. Msimu uliofuata ilimaliza ya pili nyuma ya Leicester, timu ambayo hakuna mtu aliyeihesabia kitu. Mwaka 2017 ilichukua tena Kombe la FA kwa kuifunga Chelsea 2-1, lakini kwenye ligi ilitoka nje ya nafasi nne za juu kwa mara ya kwanza katika miaka yote ya Wenger kukaa msimu mzima. Ubingwa wa ligi ilikuwa haijauona tangu 2004, ule mwaka wa kutofungwa mechi hata moja.

Mei 2018 mambo mawili yalitokea pamoja. Wenger aliondoka baada ya miaka 22, Unai Emery akaingia. Na Rwanda ikanunua mkono wa jezi. Ligi ya Uingereza ilikuwa imeanza kuruhusu matangazo ya mkono msimu mmoja tu uliotangulia. Magazeti yaliripoti bei ya pauni milioni 30 kwa miaka mitatu, yaani milioni 10 kila mwaka. Huko Uingereza wabunge wengine waliuliza: nchi inayopokea msaada wa walipa kodi wa Uingereza inawezaje kutoa pesa kama hizo kwa klabu tajiri? Kigali ilijibu kwamba ni biashara ya utalii, na kwamba faida itaonekana. Rais Paul Kagame mwenyewe ni shabiki wa Arsenal. Agosti 2021, timu ilipofungwa 2-0 na Brentford, aliandika hadharani kulalamika kama shabiki mwingine yeyote.

Kiwanjani miaka hiyo haikuwa mizuri mwanzoni. Mwaka 2019 Arsenal ilipigwa 4-1 na Chelsea kwenye fainali ya Europa League mjini Baku. Emery akafukuzwa, Mikel Arteta akaja mwezi wa kumi na mbili. Mwaka 2020 Aubameyang alifunga mabao mawili, Chelsea ikalala 2-1, Kombe la FA likarudi. Lakini kwenye ligi timu ilimaliza ya nane, na msimu uliofuata ikawa ya nane tena. Kisha ikapanda: ya pili 2023, ya pili 2024, ya pili 2025. Mei 2025 ilifika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa wa Ulaya na kutolewa na Paris Saint-Germain. Timu zote mbili zilizocheza nusu fainali hiyo zilikuwa na mkataba na Rwanda. Watu wa Goma walioweza kuiangalia, waliiangalia wakiwa chini ya M23.

Hiyo ndiyo miaka kumi. Klabu ilitafuta pesa za kurudi juu, ikazipata, ikarudi juu. Haikuuliza sana zinatoka wapi. Hilo ndilo kosa la Arsenal, na halipunguzwi na mabao ya mtu yeyote. Vita vya M23 vilirudi mwishoni mwa 2021. Ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa zilieleza mwaka baada ya mwaka kuhusu askari wa Rwanda ndani ya Kongo. Ile ya Julai 2024 ilisema ni kati ya 3000 na 4000. Kigali inakana mpaka leo. Lakini klabu yenye wanasheria na washauri wa kila aina haiwezi kusema haikusoma. Ilisoma, ikaendelea kuvaa.

Nani aliyeondoa jina

Siku chache baada ya Goma kuanguka, waziri wa mambo ya nje, Thérèse Kayikwamba Wagner, aliziandikia Arsenal, Bayern Munich na Paris Saint-Germain. Aliwaambia wazi kwamba udhamini huo umepakwa damu na akawaomba waukomeshe. Barua hiyo ilikuwa ya haki. Ilisema kwa niaba ya watu waliokuwa wakilala nje na mvua inanyesha.

Matokeo yake? Bayern walibadilisha mkataba wao Agosti 2025, ukabaki wa kufundisha vijana mpira. Paris waliongeza muda mpaka 2028. Arsenal walingoja mkataba ukaribie mwisho, ndipo wakatangaza kutoendelea. Tangazo lilisifu mafanikio ya miaka minane. Halikuomba msamaha kwa mtu yeyote. Na Rwanda haikubaki bila jezi: mwaka huo huo ilipata Atlético Madrid na timu mbili za Los Angeles huko Marekani.

Waliosukuma kwa kweli ni mashabiki wa Arsenal wenyewe. Kundi lililojiita Gunners for Peace liligawa vitambaa vya mkono vya kufunika tangazo hilo, vikiwa na maneno ya mzaha ya kuwaalika watu watembelee Tottenham, mtaa wa wapinzani wao wakubwa. Kwa shabiki wa Arsenal hakuna tusi kubwa zaidi ya hilo, na ndiyo maana lilisikika. Watu hao wengi wao hawajawahi kukanyaga Kongo. Walichukua muda wao na sauti yao kwa ajili ya watu wasiowajua. Wanastahili shukrani kuliko mawaziri.

Kelele za asubuhi, manunuzi ya jioni

Barua ya waziri ilikuwa ya Februari. Mwezi wa sita na wa saba, serikali hiyo hiyo ilisaini na Monaco ya Ufaransa, ikasaini na AC Milan ya Italia, na mwishoni mwa Julai ikasaini na FC Barcelona ya Hispania. Kwa Barcelona peke yake, magazeti yameripoti zaidi ya euro milioni 40 kwa miaka minne. Ukigawa, ni zaidi ya milioni 10 kila mwaka. Ni karibu kile kile Rwanda ilichokuwa ikilipa Arsenal. Maneno yaliyonunuliwa ni RDC, Cœur d'Afrique, Kongo moyo wa Afrika, na yanakaa mgongoni mwa nguo za mazoezi. Rwanda angalau ilipata nguo ya mechi.

Wanaoitetea mikataba hiyo wana hoja, na ni haki zisikike. Wanasema Kongo inajulikana ulimwenguni kwa vita na magonjwa tu, kwa hiyo ni lazima jina libadilike. Wanasema Rwanda ilifaidika na utalii, kwa nini Kongo isifanye vile vile? Wanasema mkataba wa Barcelona una kambi za mafunzo kwa vijana wa Kongo na nyumba ya kuonyesha utamaduni kwenye uwanja wa klabu hiyo. Wanasema pia kwamba adui akitumia mpira kama silaha, huwezi kumwachia uwanja.

Hoja ya kwanza haisimami. Rwanda ilitangaza kitu ambacho mgeni anaweza kukifikia: anashuka Kigali, anapanda gari kwenye lami, anaona sokwe, analala hotelini, anarudi. Tangazo la Kongo linamwalika mgeni aje wapi? Aje Kasongo kuona magofu na makaburi ya historia ya zamani za Waarabu na Wabelgiji? Atafika kwa nini? Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa Januari 2025. Ule wa Kavumu, Bukavu, ulichukuliwa Februari. Mfanyabiashara wa Kasongo mwenyewe hajui atafikishaje chumvi na sabuni, na wanaoleta ni watu wa baiskeli wanaosukuma mizigo siku nyingi. Mtu haandiki "karibuni" kwenye mlango kabla ya kutengeneza njia ya kuufikia mlango.

Hoja ya kambi za vijana ndiyo inayouma zaidi Maniema, na sababu yake inaitwa Maniema Union.

Timu ya Kindu iliyokuwa mgeni nyumbani

Msimu wa 2024-2025, AS Maniema Union ya Kindu iliingia kwenye makundi ya Ligi ya Mabingwa wa Afrika. Ni jambo ambalo baba na babu wa mashabiki hao hawakuliota. Kundi lilikuwa la moto: Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini, Raja na AS FAR za Morocco. Mechi ya kwanza, mwishoni mwa Novemba 2024, vijana wa Maniema walikwenda Pretoria na kutoka 0-0 na Sundowns. Walimaliza wa mwisho katika kundi, lakini hawakuwa mzaha wa mtu.

Basi mechi zao za nyumbani walichezea wapi? Kinshasa, zaidi ya kilomita 1000 kutoka Kindu. Mtu wa Kasongo, wa Kibombo, wa Kabambare aliyetaka kuona timu ya jimbo lake ikicheza "nyumbani" alipaswa kupanda ndege kwenda mji mkuu. Jimbo zima la Maniema lilipokea Ligi ya Mabingwa kwa redio.

Kwa hiyo taifa ambalo klabu yake ya jimbo inacheza nyumbani ugenini, limelipa ukarabati wa sifa za klabu yenye mmoja wa viwanja vikubwa kuliko vyote Ulaya. Mtu akimpa jirani tajiri bati jipya wakati paa la mama yake linavuja, kijijini hawamwiti mkarimu. Wanamuita jina lingine. Kama lengo ni vijana na mpira, kazi ingeanzia Kindu, ikaja Kasongo, ikafika Kabambare, ambako mipira ya watoto wengi bado ni matambara yaliyofungwa kwa kamba. Hakuna kocha wa Kihispania anayehitajika ili uwanja ufyekwe, usawazishwe na upewe hati ili asije mtu kuuza viwanja vya nyumba katikati yake.

Ukweli ambao jezi haiwezi kuufunika

Kuna jambo lingine, na hili si rahisi kulisema mbele ya umati. Familia nyingi zilizokimbia katika teritwari ya Kabambare hazikukimbia Rwanda. Hazikukimbia M23. Za upande wa Salamabila zilikimbia mapigano kati ya jeshi la taifa na Mai-Mai Malaika, vijana wa hapo hapo, wanaosema lugha ya hapo hapo, na wengine ni watoto wa shangazi na wajomba zao.

Miaka yenyewe ni ile ile ya hadithi ya Arsenal. Januari 2016 mgodi wa dhahabu wa Namoya, wa kampuni ya Banro kutoka Kanada, ulianza uzalishaji wa kibiashara. Watu waliahidiwa maendeleo. Wachimbaji wadogo wakaondolewa kwenye mashimo yao. Kundi lenye silaha likasimama na kusema kampuni haikutimiza ahadi kwa wenyeji. Magari yakashambuliwa, wafanyakazi wakatekwa nyara, jeshi likaja, na raia wakabaki katikati. Septemba 2019 kampuni ikasimamisha kazi. Dhahabu ilitoka kwa miaka ile, barabara haikuja. Vita ilikuja.

Katika jambo hilo hakuna mkono wa jezi wa kulaumu. Hakuna klabu ya London ya kuandikiwa barua. Kuna serikali iliyotoa kibali cha mgodi, kuna viongozi waliokula chakula kwenye meza ya ahadi, kuna wenye bunduki waliosema wanalinda wenyeji na kisha kuwatoza. Ni rahisi sana kwa mkubwa wa Kinshasa kunyoosha kidole kuelekea Kigali, na mara nyingi kidole hicho kina haki. Lakini mama aliyelala kwenye darasa la shule hapa Kasongo pamoja na watoto wake, akiondoka kila asubuhi kabla wanafunzi hawajaingia, hawezi kula kidole.

Ndiyo maana ugomvi wa kwenye nyumba za video umekosea njia. Kijana anayemvua mwenzake jezi anadhani ametetea nchi. Amemwacha mtu kifua wazi, basi. Mtoto aliyekimbia na nguo moja asiulizwe nguo hiyo imeandikwa nini. Waulizwe walioandika, na waliolipa, wa Kigali na wa Kinshasa pia.

Maswali ambayo Juni haitayajibu

Juni 2026 maneno yale yatatoka kwenye jezi za Arsenal. Hapa Kasongo hayatatoka, kwa sababu mitumba hufika ikiwa imechelewa, na jezi hizo zitavaliwa mpaka zichakae. Si neno. Jambo la maana si mkono wa kitambaa.

Watu wa Kasongo na Kabambare wana haki ya kuwauliza wabunge wao wa taifa, watakaporudi kuomba kura au watakapokuja kugawa mipira na jezi kama ilivyo desturi, maswali matatu. La kwanza: mikataba ya Monaco, Milan na Barcelona imesomwa na kupigiwa kura wapi, na iko wapi ili mwananchi aisome? La pili: katika kambi za vijana zilizoahidiwa, kuna nafasi ngapi za watoto wa Maniema, na mtoto wa mkimbizi wa ndani ataingiaje? La tatu: kwa pesa inayolipwa Barcelona kwa mwaka mmoja, barabara ya Kasongo kwenda Kabambare ingetengenezwa kilomita ngapi?

Mbunge akijibu kwa kuilaani Rwanda, asikilizwe mpaka mwisho, kwa heshima. Kisha arudishiwe swali lile lile.

Mashabiki wa London walifunika mkono wa jezi ya timu yao wanayoipenda, na hawakuacha kuwa mashabiki. Waliona kwamba kupenda timu si kuinyamazia. Mkongomani anayeipenda Kongo anaweza kufanya vile vile, na haitamfanya msaliti.